Afande na Mkono wa Kulia

Funguo nimezishika: za ghala, za mahabusu,
za kabati la ala pale Nsambya, ishirini na tatu
kwenye pete moja, kila mmoja niliujua kwa kuupapasa gizani.
Lakini huu hauna meno.
Umejisokota kama mtu aliyeanza kuandika nane
akaitwa na mkewe,
na Nyaketcho, mwalimu wangu, miaka kumi na minne,
ananiambia: Afande, huu haufungui kitu.
Unakwambia tu umeingia nyumba ya nani.

Miaka thelathini na moja nilipuliza tuba.
Safu ya mwisho ya gwaride,
pu, pu, chini ya kila wimbo,
kama msingi ambao hakuna mgeni anayeusifu.
Kurasa zangu zote zilianza na ufunguo wa Fa:
sikio dogo na nukta mbili,
moja juu ya mstari, moja chini yake,
walinzi wawili langoni kwa Fa.
Mstari wa chini kabisa ni Soli. Ulikuwa Soli
Jinja, ukawa Soli Gulu, ukawa Soli kwenye mvua
siku ya Uhuru, wino ukichuruzika hadi kwenye buti.

Sasa niko Tororo, nimestaafu,
na piano ya kanisa imeliwa mguu mmoja na mchwa;
tumeikalisha juu ya tofali.
Vumbi la saruji kutoka kiwandani
hulala juu ya vibonye, vyeupe na vyeusi
vikawa na mvi sawa.
Nafuta kwa leso. Naweka mkono wa kulia.
Mstari wa chini kabisa: Soli, nasema, napiga.
Hapana, afande.
Napiga tena, kwa nguvu, kama anayesema na kiziwi.
Hapana. Huku juu ni Mi.
Tazama ufunguo unavyouzunguka mstari wa pili:
Soli yuko pale, amefungwa kamba kiunoni.

Mistari ni ileile mitano. Nimeihesabu.
Hakuna aliyeisogeza usiku.
Noti ni duara lilelile, limetua palepale,
na jina si lile.
Nilikasirika, sikatai. Nikasema
serikali gani hii, faili moja,
ofisi mbili, majina mawili?
Mtoto alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akachora, kwenye daftari la hesabu,
mistari mitano juu, mitano chini,
na uwazi katikati.
Ndani ya uwazi akaweka noti moja, peke yake,
kijistari kifupi kikiikata tumbo.
Hii ni Do ya kati.
Ukitoka kwako ukipanda, utaikuta.
Nikitoka kwangu nikishuka, nitaikuta.

Nilinyamaza.
Nilimkumbuka mama mmoja wa Malaba,
mwaka ule walionikopesha zamu ya mpakani.
Upande huu aliitwa mke wa Owora,
upande wa pili binti Wafula,
na kila asubuhi alipita mbele yangu na trei za mayai.
Siku moja nikamuuliza: wewe ni wa wapi hasa?
Akanitazama. Akayahesabu mayai yake.
Akapita.

Nimeviweka vidole gumba vyangu, vyote viwili,
juu ya Do hiyohiyo,
vinasukumana kama abunuwasi wawili kwenye kiti kimoja.
Kipi kinabonyeza, mwalimu?
Kwa zamu, anasema, hata hainui macho.

Nje, lori la saruji linapanda na gia ya kwanza,
na mkono wa kushoto, mzee wa kazi, unalijua:
lile liko Fa.
Wa kulia bado ni kuruta.
Unatoka mlangoni bila kofia,
Do, Re,
unajikwaa,
unarudi kuuliza njia.
Mi.